Doa la Mguu wa Kushoto

Doa la chai hutoka kwa maji ya uvuguvugu na subira. Damu hutaka maji baridi. Ukiipa ya moto umeipikia humo humo, na shuka hilo halitarudi tena kwenye kitanda cha mgeni. Kutu hutaka ndimu. Ukoo wa shingoni, ule uchafu unaoganda kwenye kola, hutaka magadi. Kwa miaka kumi na minane nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, nyumba za wageni na mabweni, na sijui doa ambalo halikuwahi kupita mikononi mwangu. Hata kusoma nilijifunza huko. Shule sikupelekwa, maana zamu yangu ilipofika alipewa kaka yangu, ambaye naye aliiacha darasa la tatu. Herufi nilizikuta ukubwani, kwenye pembe za mashuka, pale wenye mali wanaposhona alama zao.

Kwa hiyo nilipoliona doa kwenye mguu wangu wa kushoto nilijiuliza kama ninavyojiuliza siku zote. Limetokana na nini? Litatoka?

Ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye kigoda mlangoni, navaa viatu. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa imegeuka hudhurungi inayoelekea weusi, kana kwamba mtu alinimwagia chai akasahau kuifuta. Ukiigusa ni ngumu, tena inang'aa kidogo. Kisiginoni na ukingoni mwa unyayo ilikuwa nene, manjano iliyochafuka, imepasuka magaga ambayo njiti ya kiberiti ingesimama humo bila kushikwa. Katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, inabanduka. Mguu wa kulia nao ulikuwa na magaga yake, lakini huo nilikuwa nimeuzoea. Wa kushoto ulinitisha.

Ulinitisha kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Yeye alianza na weusi kwenye kidole. Jeraha halikuwepo, ni weusi tu. Akavaa soksi, akasema ni kiatu kinambana. Walipompeleka hospitali walikata kidole, halafu nusu ya wayo, halafu wakakata chini ya goti, na kila mara walisema hapo ndipo mwisho. Ilikuwa kisukari, alikuwa nacho miaka na hajui. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Ndugu wengine walikuwa na shughuli. Siku aliyokufa walipata nafasi wote, wakalia kwa sauti mpaka majirani wakaguswa, kisha wakagawana viatu vyake. Vya mguu uliokatwa vilikuwa bado vipya.

Tumbo moja, ziwa moja. Kama kilikuwa kwake, kwangu kingeshindwaje kuingia?

Niliirudisha soksi, nikaenda kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Mashine zetu zinafua mashuka na taulo. Blanketi zito la sufu haziliwezi; zikilimeza, linatoka limesinyaa na kushikana kama zulia la mlangoni. Kwa hiyo blanketi hukanyagwa. Kuna mabirika manne ya saruji, kila moja na mwanamke wake, maji ya moto hadi katikati ya muundi, sabuni na magadi humo. Unaingia peku. Mabuti ya mpira tulipewa, yananing'inia misumarini, na buibui wameshahamia ndani yake na familia zao. Ukivaa buti hujui unakanyaga nini. Mguu mtupu una macho: unaijua pini iliyosahauliwa, unaijua hereni, unaijua sehemu ambayo uchafu bado umeng'ang'ania, maana pale pana utelezi wa namna yake. Mkanyagaji aliyevaa buti hucheza tu na blanketi lake, mwisho wa siku linarudishwa kwa uchafu.

Kila mkanyagaji ana mguu wa nguzo na mguu wa kazi. Unashika bomba la ukutani, unasimika mguu wa nguzo, wa kazi unazunguka, unakanda, unageuza. Nguzo yangu ni wa kushoto. Miaka kumi na minane umesimama mahali pamoja, uzito wote juu yake, ndani ya maji ya magadi, tangu asubuhi hadi saa tisa.

Na haikupasa kuwa hivyo. Msimamizi aliyekuwepo nilipoanza aliniahidi mbele ya watu kwamba mkanyagaji akifikisha miaka kumi anahamia meza ya pasi, pakavu. Ulipofika mwaka wangu wa kumi alikuwa ameondoka. Aliyekuja akamweka mezani shemeji yake, msichana ambaye siku ya kwanza alichoma foronya tatu. Tunamwita Bi Pasi, na hajui kwamba tunamcheka. Mimi wananiita Mama Blanketi. Mume wangu naye aliondoka mwaka wa kumi na mbili. Alisema miguu yangu inakwaruza shuka. Mimi, ninayefua mashuka ya mji mzima! Akahamia kwa mwanamke anayefanya kazi ya kukaa. Sikumfuata. Ningemfuata kwa miguu gani?

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali wiki ile ile. Lakini hospitali ndiko miguu hukatwa. Mimi niliona kwa macho yangu. Mtu akienda na kidole hurudi na gongo. Nikasema hili ni doa, na kazi yangu ni madoa.

Kuna unga tunauita weupe. Ni klorini, unakuja kwa ndoo kubwa zenye kifuniko cha bluu, na kijiko kimoja kinatosha beseni zima la mashuka yaliyokata tamaa. Nilichukua kidogo, nikakifunga kwenye kipande cha nailoni, nikaenda nacho nyumbani. Kila jioni nilijifungia chumbani, nikamimina maji ya moto kwenye ndoo, nikatia weupe, nikatumbukiza mguu mpaka muundini. Nilihesabu mpaka mia tano. Kisha nikasugua kwa burashi ya kusugulia kola, ile yenye nywele ngumu, na kisiginoni nikasugua kwa jiwe.

Wiki ya kwanza lilipauka. Naapa lilipauka. Ngozi ya juu ilitoka vipande, chini yake pakawa pekundu, nikasema haya, linatii. Nililala vizuri siku tatu. Siku ya nne pale pekundu pakaanza kuwasha, muwasho wa kumfanya mtu atake kuivua ngozi aitundike. Nikakuna. Wiki ya tatu doa likarudi, jeusi kuliko mwanzo, na ngozi imekuwa nene, ina mistari mistari kama gome. Nikaongeza kijiko. Ndivyo tunavyofanya kwenye shuka: likikataa kwa kimoja, lipe viwili.

Kila nilivyoosha ndivyo lilivyokuja. Nikajua sasa si doa la nje, ni kitu kinatoka ndani, na kilicho ndani ni kile kilichompata dada. Nikaanza kuamka alfajiri na kuvigusa vidole vya mguu kimoja kimoja, kuona kama bado vina joto. Nikaacha sukari kwenye chai. Nikaacha na chai.

Binti yangu ni fundi cherehani, anaishi nami. Alisukuma mlango siku moja kabla sijavuta komeo vizuri.

"Mama, unafanya nini na ndoo?"

"Naosha miguu. Ni haramu?"

"Kila siku? Na maji yananukia nini?"

"Chumvi."

"Chumvi hainuki, mama." Akasogea, nikafunika kwa kanga. "Nionyeshe."

"Nenda kashone."

"Mama, mficha maradhi..."

"Usinipigie methali ndani ya nyumba yangu. Hiyo nilikufundisha mimi."

"Basi ungeisikiliza ulipokuwa unaifundisha."

Akatoka, akaufunga mlango polepole. Kufunga polepole kunaumiza kuliko kubamiza. Nilibaki na mguu ndani ya maji, nikahesabu upya kuanzia moja.

Aliyenitoa mafichoni ni Bi Pasi. Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, nimevua soksi, yeye kaja kuchukua mkoba wake. Akasimama.

"Mama Blanketi, umekanyaga nini?"

"Nimekanyaga shida za dunia. Nenda kapige pasi."

"Hapana, kweli. Mbona mguu kama gome la mti? Hapo juu mbona peusi?"

"Wewe macho ya kuona foronya inayoungua huna, ya kuona mguu wangu umeyatoa wapi?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliushika mkoba wake kifuani na akapita mbali na mimi, amebana gauni lisiniguse. Kesho yake nilikikuta kikombe changu cha bati kimetengwa peke yake dirishani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakuna aliyesema neno ukoma mbele yangu. Lakini kikombe kilisema.

Msimamizi aliniita siku hiyo hiyo. Ofisi yake ni banda la mbao pembeni ya pipa la magadi.

"Mama, mimi sina neno na wewe," akasema, anaangalia karatasi zake. "Ila watu wana maneno."

"Watu, au shemeji yako?"

"Mama..."

"Nimeuliza tu, bosi."

"Nenda hospitali wakutazame. Ijumaa niletee karatasi. Tunafua nguo za wagonjwa hapa, si mchezo."

"Na karatasi ikiwa mbaya?"

Akafungua droo, akaifunga. "Tutaona."

Madaktari waliwahi kumwambia dada maneno hayo hayo, tutaona. Najua yanamaanisha nini.

Binti alifunga cherehani yake siku ya Alhamisi, akaja nami. Hakuniuliza kama namtaka. Zahanati ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye benchi mbele ya mzee mmoja ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji hadi gotini, na bendeji ilikuwa na doa la manjano mahali pa kidole gumba. Nililitambua doa lile. Nimelifua mara nyingi, na halitoki. Nilisimama.

"Unakwenda wapi?" binti akauliza.

"Chooni."

"Choo kiko upande huu. Huko ni barabarani."

Nikakaa. Nilijikaza kisabuni, kama wasemavyo, na mimi sabuni naijua: hujikaza kwa nje tu.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, labda anamzidi binti yangu miaka mitano. Nilidhani atavaa glovu na kushika mguu kwa ncha za vidole. Alivuta kiti, akauchukua mguu wangu akauweka pajani mwake, juu ya koti lake jeupe. Nikaona aibu ya koti.

"Utachafua koti, daktari."

"Litafuliwa. Wafuaji si wapo?"

Alibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akaachia. Kidole kilibaki kimechorwa pale, kishimo kidogo, kikakawia kujaa. Akatazama muundi wangu, akafuata kwa kidole mshipa uliovimba ambao mimi nilishauchukulia kama sehemu ya mguu. Akatanua vidole. Akagonga kisigino kwa kucha, kikalia kama meza.

"Jioni mguu unakuwa mzito?"

"Kama si wangu."

"Kazi yako?"

Nikamweleza birika, bomba la ukutani, mguu wa nguzo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sijalizoea.

"Katika familia kuna mwenye kisukari?"

Binti ndiye aliyejibu. Alisimulia ya mama yake mkubwa: kidole, wayo, chini ya goti. Nilitazama ukutani palipobandikwa picha ya mtoto anayenawa mikono.

Daktari akanichoma kidole, akatia damu kwenye kipande cha plastiki, akakiingiza kwenye kimashine chenye kioo. Akasema tungoje kidogo. Hicho kidogo kilikuwa kifupi kuliko kuvaa kiatu, lakini mimi nilishahamia humo, nilishaona kitanda, nilishaona binti yangu ananiosha. Niliona hata kiatu changu cha kushoto, kipya, kikipitishwa kwa mikono ya watu.

"Leo sukari yako iko sawa," daktari akasema.

"Tazama tena."

"Mama!" binti akanong'ona.

"Atazame tena. Mashine nayo si hukosea kama mtu?"

Daktari hakukasirika. Akachoma kidole kingine. Jibu likawa lile lile, akanionyesha namba. "Kwa kuwa dada yako alikuwa nacho, utapima kila mwaka, hata ukijisikia mzima. Lakini hiki ninachokiona si kisukari." Akainamisha uso karibu na mguu wangu. "Unapaka nini hapa?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kawaida tu."

"Mama, mguu wako unanukia kama shuka la wodini."

Binti yangu aliangua kicheko, akakiziba kwa mkono, kisha macho yake yakajaa maji. "Chumvi!" akasema. "Chumvi, eti!"

Nikasema yote. Kijiko, kisha viwili, burashi ya kola, jiwe. Nilisema nikiwa nimeinama, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Daktari aliandika, kisha akaweka kalamu.

"Sikiliza, mama. Ngozi si kitambaa. Kitambaa ukikisugua kinachakaa, kinakuwa chepesi. Ngozi ukiisugua inajilinda, inajiongezea. Ukiikwaruza kila siku inakuwa nene na nyeusi, na ile dawa inaiunguza, inawasha, unakuna, inazidi. Hapa," akagusa ile mistari ya gome, "nusu ya kazi umeifanya mwenyewe kwa ndoo yako."

"Lakini lilikuwepo kabla ya ndoo."

"Lilikuwepo. Hii hudhurungi ya kifundoni ni damu. Ukisimama mahali pamoja siku nzima, mishipa inachoka kuirudisha juu, inatuama, inavuja kidogo kidogo chini ya ngozi na kuacha rangi. Hakuna burashi inayofika huko. Kisigino ni sugu, sawa na sugu za viganja vyako. Uzito wote upo hapo. Magadi na maji ya moto vinakausha mafuta ya ngozi ndipo inapasuka. Na katikati ya vidole ni fangasi, hao wanapenda unyevu, na huenda wameshapanda mpaka unyayoni, ndiyo maana pana magamba. Nitakwangua kidogo tupime."

Nilimwuliza kuhusu ukoma, nikamsimulia na kikombe cha dirishani. Ilibidi niseme lile neno mwenyewe, kwa kuwa waliolifikiria hawakuwa na ujasiri. Alichukua pamba, akaniambia nifumbe macho niseme kila akinigusa. Kwenye lile doa nilisikia kila mguso, hata ule mwepesi. Akasema ukoma hauko hapo, na hata ungekuwepo una dawa, na kikombe hakina kosa.

Kisha akachukua uzi wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti, mgumu kama wa kuvulia samaki, akaanza kugusa chini ya unyayo.

"Sasa?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Ndiyo."

Safari hii hakuuliza. Nikafumbua macho. Uzi ulikuwa umeshapindika kwenye kisigino changu cha kushoto, na mimi sikusikia kitu.

Dada yangu aliwahi kukanyaga kaa la moto jikoni na akaendelea kukoroga uji.

"Usiogope kabla ya wakati," daktari akasema. "Sugu ni nene hapo kama soli, huenda ndiyo inayozuia. Huenda. Siwezi kukuambia zaidi mpaka tuilainishe. Rudi baada ya wiki sita nipime tena hapo hapo."

"Na nisiposikia tena?"

"Tutakupeleka kwa wanaopima mishipa ya fahamu." Akaniangalia. "Hakuna aliyetaja kukata, mama."

Hakuna aliyetaja. Hata dada hawakumtajia mwanzoni.

Nilirudi na dawa ya fangasi, mafuta mazito ya kupaka, soksi za kubana za kuvaliwa kabla sijashuka kitandani, na karatasi. Msimamizi aliisoma mara mbili. Iliandikwa kwamba ugonjwa wangu hauambukizwi kwa chombo wala kukaa pamoja, kwamba nisiingie tena kwenye magadi peku, na kwamba nisisimame mahali pamoja kutwa nzima.

"Sasa mama, nitakuweka wapi?"

"Meza ya pasi niliahidiwa."

"Meza ya pasi nayo ni kusimama." Aliona raha kulisema hilo, na lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Akanipeleka kwenye kuchambua nguo chafu, kazi ambayo hakuna anayeitaka, ila ina kiti. Nilichukua kiti.

Kabla sijahama nilikwenda kwenye mabirika kuchukua kitambaa changu cha kichwa. Wakanyagaji wenzangu watatu walikuwa ndani ya maji. Mkubwa wao, mwanamke mnene anayetuchekesha hata siku za mazishi, akaniuliza kaniambia nini daktari. Nikawaambia kuhusu weupe, nikidhani watacheka.

Hakuna aliyecheka. Miguu ilisimama majini.

"Kijiko kimoja au viwili?" yule mnene akauliza.

"Nilianza na kimoja."

"Mimi nachanganya na siki," akasema. "Nalowesha vyote viwili."

"Siki!" akasema wa birika la pili. "Ndiyo maana unakohoa kila asubuhi. Unataka kufa? Mimi naweka tu chini ya vidole, kwa pamba."

Wa tatu alitoa mguu wake wa nguzo kutoka majini, akauweka ukingoni mwa birika. Ulikuwa wa kulia. Kifundo kilikuwa cheusi, na juu ya weusi palikuwa na alama za burashi, mistari iliyonyooka kabisa, kazi ya mtu msafi. Miaka yote hiyo tulivua viatu pamoja, kila mmoja anageukia ukuta, kila mmoja akidhani ni wake peke yake.

"Acheni leo," niliwaambia. "Leo, si kesho. Vaeni mabuti, hata blanketi likirudishwa. Na nendeni mkapimwe sukari."

"Na buibui tuwapeleke wapi?" yule mnene akasema. Lakini alikuwa ameshatoka majini na anayatungua mabuti misumarini.

Wiki sita zile sizitamani hata kwa adui yangu, na ninao. Kila jioni nililala chali, miguu juu ya mto uliokunjwa, kama daktari alivyoelekeza, nikisikia mguu unapungua uzito. Binti alinipaka mafuta kisiginoni na kukifunga kwa nailoni na soksi. Alikataza jiwe. Aliificha hata burashi ya kola, na kola zetu tukazivaa na uchafu wake. Ngozi ilianza kulainika pembeni, ikatoka kwa magamba madogo bila kulazimishwa. Muwasho uliisha wiki ya pili. Rangi ya kifundoni ilibaki. Daktari alikuwa amesema huenda isiondoke kabisa, na nilianza kuizoea kama unavyomzoea mpangaji asiyekusumbua.

Kisigino ndicho kilichoninyima raha. Nilijikataza kukigusa, kisha nikakigusa. Nilitumia sindano ya binti, upande wa tundu. Siku nyingine nilidhani nimesikia, siku nyingine nikajua nimejidanganya kwa kuwa niliiona sindano ikishuka. Mtu hawezi kujipima mwenyewe. Macho yanaisaidia ngozi. Nikamwomba binti anifunge macho kwa kanga anipime yeye. Alikataa.

"Daktari ndiye atakayepima."

"Unaogopa."

"Ndiyo, mama. Naogopa. Sasa lala."

Siku ilipofika nilioga mara mbili. Daktari alikuwa yule yule. Aliuweka mguu pajani kama mwanzo, akapitisha kidole kisiginoni, akasema kimelainika vizuri, kwamba kipimo cha ukwanguzi kilionyesha fangasi kweli na dawa inafanya kazi, niendelee. Nilimwitikia bila kumsikia. Nilikuwa namtazama mkononi, nione saa ngapi atauchukua uzi.

"Fumba macho, mama."

Nilifumba. Binti alinishika bega.

Nilisikia kwenye kidole gumba, nikasema. Nilisikia katikati ya wayo, nikasema. Kisha pakawa na kimya, na ndani ya kimya kile nilimwona dada yangu jikoni, mguu wake juu ya kaa, mwiko mkononi, ananiambia uji unataka maji kidogo.

Kitu chembamba kikagusa, kidogo kama mguu wa inzi, nyuma kabisa, pale mfupa unapoanza.

"Hapo," nikasema. "Hapo! Kisiginoni."

"Upande gani?"

"Wa nje. Umesogea. Sasa umekuja ndani."

"Sawa kabisa." Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi, na mkono wa binti yangu ukilegea begani.

Sikufumbua macho.

"Rudia," nikamwambia daktari. "Pale pale. Na safari hii usiniambie unaanza lini."